Shangazi, ndugu yangu alizikwa Kiislamu Mumias na sasa familia inataka kumfukua

Shangazi salamu,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu na leo nimeona wacha na mimi niandike kwa sababu hii maneno imeninyima usingizi. Mimi nimeolewa, tunakaa Manyatta hapa Kisumu, lakini kwetu kuzaliwa ni Khwisero, Kakamega. Tulikuwa watoto wanne, mimi ndio msichana pekee. Baba alishatutoka kitambo, mama yuko nyumbani.

Ndugu yangu anayenifuata alienda Mumias kutafuta kazi ya kuchomelea, milango ya chuma na madirisha, akashika maisha huko, akapata msichana wa huko huko Mwislamu, akasilimu, wakaoana. Hiyo ni zamani sasa, wako na watoto wawili, mkubwa yuko gredi ya nne. Mwanzoni mama alilia sana na kanisani wakamwombea sana. Lakini baadaye akazoea, tena zaidi ya kuzoea. Ndugu yangu akipiga simu kwamba anakuja na familia, mama alikuwa anashika jogoo mapema, anamfunga miguu, anatuma mtoto aite kijana wa jirani wa kwa posho mill ambaye ni Mwislamu aje amchinje. Sufuria ya kupikia hiyo kuku aliiweka kando, ilikuwa inaning'inia peke yake kwa msumari nyuma ya mlango, na hakuna mtu alimwambia afanye hivyo, aliamua mwenyewe. Wale watoto walikuwa wanamaliza likizo yote kwa kukhu, yaani nyanya yao, na hatukuwahi kusikia shida yoyote.

Sasa mwezi wa tisa katikati ndugu yangu alianguka asubuhi akienda kazini, presha, kufika hospitali wakasema ameshakata roho. Tulipigiwa simu saa mbili asubuhi na hapo hapo tukaambiwa anazikwa leo. Kaka yetu mkubwa yuko Nairobi, akasema haiwezekani, mumuweke mochari tukusanyike, tuchange, tumlete nyumbani tumzike vizuri karibu na baba yake. Wakasema dini haikubali kuchelewesha. Wakajibizana kwa simu mpaka wakakatiana.

Mama aliondoka Khwisero na boda, akafika Butere, matatu ikakawia kujaza, mvua nayo ikaanza. Kufika Mumias ilikuwa inaenda saa kumi na moja, wanaume wanarudi kutoka makaburini. Akaambiwa akina mama wabaki nyumbani. Hakuona uso wa mtoto wake, Shangazi. Hakukuwa na jeneza, hakukuwa na picha wala maua, hakuna mtu alisoma historia yake, mama yangu alisimama hapo na leso imelowa na hakuna hata mtu alimtambulisha. Kutoka siku hiyo mama hazungumzi vizuri. Anasema mtoto wake alizikwa kama mtu asiye na kwao. Kaka yangu mkubwa yeye anasema alizikwa kama mbwa.

Na sasa imekuwa vita. Kaka na wazee wawili wa ukoo wamesema Desemba watu wakija nyumbani wafukue mwili waulete Khwisero, wajenge kaburi la simenti, waweke msalaba, pasta afanye ibada. Shemeji alipoambiwa akakataa. Tulipomwita aje nyumbani akae na sisi kwa tenti na anyolewe kama wajane wetu akakataa pia, akasema hawezi kutoka kwake, na watu wakasema ni kiburi, ati ameshachukua vitu sasa hana haja na sisi. Pasta wa mama akaongezea kwamba mama asikanyage hiyo nyumba wala asile kitu hapo, na kwamba marehemu alikufa amepotea. Kwa wasap ya familia kaka aliandika hao ndio waliua watoto wetu Garissa, na hakuna mtu alimjibu.

Kitu kingine ni shamba. Baba hakuacha limegawanywa, na kaka amesema sehemu ya marehemu haiwezi kwenda kwa Waislamu.

Shemeji hajawahi kunitusi. Wiki moja baada ya mazishi alinitumia mesej, akasema walikuwa wamzike baada ya adhuhuri lakini yeye akawaomba wamngoje mama, imamu akasogeza mpaka alasiri, wakaendelea kungoja, mvua ikazidi na kaburi likaanza kuingia maji ndio wakaenda. Hiyo mesej bado niko nayo kwa simu. Sijui nikimwonyesha mama itamtuliza ama itamwongezea uchungu, na kaka akisikia atasema nimenunuliwa.

Shangazi mimi ni Mkristo na ninapenda kanisa langu, lakini pia huyo alikuwa ndugu yangu na hao watoto ni damu yetu. Krismasi inakuja. Nifanye nini?

Dada wa marehemu, Kisumu

*

Dada wa marehemu, pole. Pole kwako na pole zaidi kwa mama, kwa sababu mzazi kufika akute udongo umeshawekwa na uso hakuuona, hicho ni kidonda, na mtu asikuambie ati ni mambo madogo ya mila. Barua yako nimeisoma mara nyingi na nitakujibu wazi.

Mambo ya kufukua myasimamishe. Nasema hili kwanza kwa sababu lina tarehe na hayo mengine yanaweza kungoja kidogo. Kenya hii mwili ukishazikwa huutoi bila kibali cha serikali ama amri ya korti, kaka yako akienda na jembe usiku ni kosa la jinai, na akienda kortini ajue anaingia njia gani. Watu wa upande wetu wanaikumbuka kesi ya S.M. Otieno. Yule wakili alifariki Desemba 1986 na akazikwa Nyalgunga kule Siaya mwezi wa tano 1987, miezi mitano mwili uko mochari, mjane anavutana na ukoo, mpaka Korti ya Rufaa ikaamua, na siku ya kuzika mjane hakuwepo. Ukoo ulishinda kesi. Lakini nani alipona hapo? Na huyo alikuwa bado hajazikwa. Wa kwenu ameshalala, amezikwa na watu waliomjua kila siku, kwa dini aliyoichagua akiwa mtu mzima na akaishi nayo miaka, na Katiba yetu kifungu cha 32 inampa mtu haki hiyo, hailazimiki awe amekubaliana na kaka yake.

Wazee wakishindwa na hilo la kufukua, kuna mmoja atasema basi tuzike mgomba nyumbani badala yake, maana mnajua Waluhya mtu asipopatikana huzikwa mgomba. Mimi hilo pia nawaomba mlikatae. Mgomba ni wa mtu aliyepotea na mwili haujulikani uko wapi. Ndugu yako hakupotea, yuko Mumias, na nauli ya kutoka Butere mnaijua.

Sasa ile mesej. Mwonyeshe mama. Usiitume kwa grupu ya wasap, usimpigie kaka kwanza, nenda Khwisero mwenyewe, kaa na mama jikoni mkiwa wawili, msomee. Utasema itamwongezea uchungu, ndio, atalia. Lakini angalia ni nini hasa kinamuua mama yako. Anaamini walimzika mtoto wake bila kumjali yeye, kwamba alikuwa si kitu kwao. Na huku wewe uko na ushahidi kwamba huyo binti, mume wake amekufa asubuhi hiyo hiyo, bado alikuwa na akili ya kusema ngojeni mama yake, na imamu akakubali kusogeza swala kwa ajili ya mama Mkristo wa Khwisero aliyekwama Butere akingoja matatu ijae. Hiyo ni heshima alipewa na hakujua amepewa. Ni yake, mpelekee.

Ukiwa hapo mweleze pia ile siku ilivyokuwa, maana naona vitu vingi mama alivichukua kama dharau kwake na havikuwa hivyo. Kwa Waislamu maiti huzikwa haraka iwezekanavyo, Mtume wao alisisitiza hivyo, kwa hiyo hata angekuwa tajiri wa Mumias nzima wangefanya vile vile. Anaoshwa na watu wake, mwanaume anavishwa sanda ya vipande vitatu vya kitambaa cheupe, anaswaliwa watu wakiwa wamesimama tu bila kuinama wala kusujudu, anapelekwa, analazwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla, ambayo kutoka huku kwetu ni karibu kaskazini moja kwa moja. Wengi wanazika bila jeneza, na kaburi la kujengwa sana hawalitaki. Mkubwa na mdogo wote ni hiyo sanda. Kwa hiyo kaka yako akisema alizikwa kama mbwa mwulizeni kwa upole, mbwa gani anaoshwa na wanaume wazima kwa mikono yao, maji ya vuguvugu, karafuu maiti na pamba, na watu wanafunga maduka kwenda kumbeba mabegani?

Na hilo la akina mama kuambiwa wabaki nyumbani, hapo ndipo naona mama aliumia kuliko pote. Waislamu wengi wa kwetu huwa wanawake hawaendi makaburini siku ya kuzika. Shemeji yako mwenyewe hakwenda. Mke hakumwona mume wake akiingia kaburini, mama hakumwona mtoto wake, wanawake wawili siku moja wamekosa kitu kimoja, wakiwa nyumba moja, na hawajawahi kukaa chini wakaliongea. Nataka sana hao wawili wakae chini.

Shemeji kukataa kuja kwa tenti si kiburi. Yuko eda. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, imeandikwa kwa Kurani, sura ya pili aya ya 234, na muda wote huo anakaa nyumba aliyokuwa akiishi na mume wake, hajirembi, havai vya kupendeza, hatafutwi kwa ndoa, hatoki ila kwa jambo la lazima. Ukihesabu kutoka katikati ya Septemba, anatoka mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo mlimwita aje akae mbele za watu anyolewe, na yeye kwa dini yake yuko kwa maombolezo mazito kuliko hayo, akashindwa kuwaeleza ama akaeleza na hakuna aliyesikia. Nyinyi mkaona haombolezi. Yeye saa hii haendi hata harusi ya dadake. Lakini kutembelewa anatembelewa, hakuna kitu kinakataza mama mkwe kuingia nyumba hiyo, na kwa vile yeye hawezi kuja, nyinyi ndio mnaenda.

Nendeni wachache. Wewe na mama, na kama kuna shangazi mmoja mwenye ulimi mzuri aje pia. Pasta abaki na imamu abaki, hao watakuwa na siku yao. Kaka mkubwa pia asije hiyo siku, akija na hasira yake atawaharibia. Bebeni unga, sukari, mchele, mafuta, ndizi za shambani, hivyo vitu tunavyobeba kwenda matangani, nyama iliyopikwa msibebe ili msimpe kazi ya kukataa. Au zaidi ya yote, na hapa namwachia mama mwenyewe aamue, bebeni jogoo akiwa hai. Mama yako nimempenda bila kumwona. Wengine tunaenda semina za amani kwa hoteli za Nakuru na Kisumu, tunapewa kalamu na daftari, tunaongea mambo ya kuvumiliana siku mbili nzima, na huyu mama bila semina alifikiria peke yake kwamba mtoto wangu hawezi kula kuku niliyechinja mimi, basi wacha niite anayeweza kumchinjia, tena nimpikie kwa sufuria safi, na imani yake hakuiacha hata sentimita moja. Kama mama yako aliweza hayo ndugu yako akiwa hai, hao watu wazima wa grupu ya wasap hawamfundishi chochote. Mkumbushe hivyo akianza kuogopa maneno ya pasta.

Kuhusu pasta nataka uende umwone kwa heshima, ukiwa na Biblia yako. Mwulize Bwana Yesu alizikwa vipi. Yusufu wa Arimathaya alienda kwa Pilato jioni ile ile kuomba mwili, kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia, wakamfunga sanda ya kitani, wakamweka kaburini siku hiyo hiyo, hakuna mochari wala tenti wala kamati ya mazishi, na hakuna Mkristo anasema alizikwa vibaya. Kumbukumbu la Torati 21 pia inasema aliyetundikwa azikwe siku hiyo hiyo. Hata sisi wenyewe mwaka 2020 wakati wa korona tulizika haraka haraka, watu wachache, Wakristo kabisa, wengine usiku, tuliumia lakini hatukusema wamekufa wamepotea. Na hili la mama asikanyage kwa mkwe wake, mwombe asome Ruthu sura ya kwanza yote, asisome ile ya Ruthu tu ambayo tunaipenda harusini. Kulikuwa na mkwe mwingine, Orpa. Naomi alifiwa na watoto wake wawili, wakwe zake wote walikuwa Wamoabu, na Orpa akarudi kwa watu wake na kwa mungu wake, imeandikwa hivyo. Naomi alimlaani? Alimbusu. Aliwaombea wote wawili Bwana awatendee mema kama walivyowatendea waliokufa. Mkwe wa dini nyingine aliyemtunza mtoto wako mpaka akafa, Biblia inasema muombee mema. Pasta akikasirika mwache akasirike, ukimaliza kumwambia rudi zako nyumbani, usibishane naye mbele ya waumini.

Upande wa Mumias nao wana deni na sitawaficha. Miezi hii yote hakuna mzee mmoja wa msikiti amefika Khwisero kumpa mkono mama wa marehemu. Hiyo haikubaliki hata kwa dini yao wenyewe. Kurani sura ya Luqman inamwambia Mwislamu kwamba wazazi wako hata wakikusukuma kwa imani yao usiwafuate kwa hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Kuna hadithi inajulikana sana, ya Asma binti ya Abubakar, mama yake ambaye hakuwa Mwislamu alikuja kumtembelea, akauliza Mtume kama aungane naye, akaambiwa ndio, unga udugu na mama yako. Na nyingine, jeneza la Myahudi lilipita Mtume akasimama, wakamwambia huyo ni Myahudi, akauliza, kwani si nafsi? Sasa kama Mtume alisimama kwa heshima jeneza la Myahudi likipita, kuvuka Butere kwenda kumpa pole mama mzazi wa ndugu yao kuna ugumu gani? Shemeji yako ana baba ama mjomba, mwambie wazi kwa niaba yangu na yako kwamba wazee watatu wanne waje, wavae kanzu zao kabisa, wakae chini ya mwembe wa mama wanywe chai, wamweleze mama mtoto wake aliishi vipi kule, nani alikuwa rafiki yake, aliwasaidia nini. Historia ya marehemu ambayo haikusomwa ile siku, waje waisome kwa mdomo hapo nyumbani, na kaka mkubwa awepo asikie.

Ni vizuri pia kaka ajue anaongea kuhusu watu gani. Waislamu wa Mumias hawajaletwa juzi na meli. Dini hiyo ilifika na wafanyabiashara Waswahili wa misafara iliyokuwa inapumzika kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, kabla ya reli na kabla ya serikali ya Mwingereza, na wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walikuja baadaye wakajenga hapo hapo. Ni Wawanga, ni Waluhya, wanaongea lugha yenu, wanakula obusuma kama nyinyi.

Na Garissa. Hapa naenda pole pole kwa sababu najua kuna nyumba za magharibi ambazo hazijapona. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa kwa kile chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wakitenganishwa kwa dini zao. Nani asiyekasirika? Lakini hasira hiyo iende kwa waliofanya. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo basi lilikuwa linaenda Mandera, magaidi wa Al-Shabaab wakalisimamisha karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu watengane na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wameshawapa Wakristo hijabu zao wajifunike, wakawaambia wale majambazi ueni sisi wote ama mtuache. Walijua ni nini kinawangoja, maana mwaka mmoja kabla abiria 28 walitolewa kwa basi kule kule wakauawa. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi hapo akafia hospitalini Januari 2016, na serikali ikampa nishani akiwa ameshakufa. Andika hiyo kwa grupu ya wasap. Usiongeze tusi wala mahubiri, andika tu vile ilivyotokea, jina na tarehe. Kaka aliandika yake na watu wakanyamaza, na kwa grupu kunyamaza watu husoma kama kukubali.

Shamba nimeliacha mpaka hapa lakini nashuku ndilo liko chini ya haya yote. Mimi nimesoma barua nyingi za namna hii na mara nyingi sana ugomvi wa dini ukiufunua unapata ni ugomvi wa shamba umevaa kanzu ama umebeba msalaba. Baba yenu alikuwa Mkristo, shamba ni lake, kwa hiyo urithi wake unafuata Sheria ya Urithi ya kawaida, Cap 160, na watoto wote wa baba wana haki, hata wewe msichana uliyeolewa. Ndugu yako alikuwa hai baba alipofariki, haki yake ilishaingia, na kufa kwake hakuirudishi kwa kaka mkubwa, inaenda kwa mke na watoto wake. Kusilimu hakumfanyi mtu aache kuwa mtoto wa baba yake. Mali yake yeye mwenyewe, kwa vile alikufa Mwislamu, inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, lakini mama asitishwe ati ataburutwa kwa Kadhi, Katiba kifungu cha 170 inasema Korti ya Kadhi ni ya kesi ambazo pande zote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa hapo. Mkae na chifu na wazee, muone wakili mapema kabla mtu hajaanza kusogeza mipaka, na hayo mazungumzo yawe siku yake kabisa. Siku ya kwenda kumwona shemeji mtu asitaje shamba hata kidogo, hata akitaja yeye mwambieni hilo tutaongea.

Mama anataka ibada Desemba, na mimi naona aipate. Anahitaji mahali pa kulia na watu wa kanisa lake, nyimbo zake, picha ya mtoto wake mezani. Fanyeni hapo Khwisero, kwa boma, mshukuru Mungu kwa maisha yake. Kaburi la Mumias msiliguse, msalaba msipeleke, na simenti msimwage. Mwambieni shemeji mapema ni ibada ya mama, haiko kwa kaburi, na hatasubiriwa kuhudhuria kwa sababu yuko eda, ili asisikie kwa watu. Mwaka ujao akishatoka eda mama akitaka kuliona kaburi atembee naye. Kuhusu wanawake kuzuru makaburi siku za kawaida maulamaa wao wana maoni tofauti, wengi wanaruhusu, shemeji atajua la msikiti wao, na kama haiwezekani kuingia basi yule ndugu yako mwingine amsindikize mama mpaka kwa ua.

Watoto ndio siwezi kungojea Januari. Eda ni ya mama yao, wao hawako eda. Likizo ya Desemba waombewe ruhusa waje kwa kukhu kama zamani, hata wiki moja, na mama aahidi mbele ya shemeji kwamba hawatapelekwa ubatizo kisirisiri wala kulishwa kisichowafaa, na aitimize. Najua kuna mtu hapo nyumbani atafikiria hii ni nafasi ya kuwaokoa. Mtu huyo mtafute mapema umwambie asijaribu, kwa sababu akijaribu mara moja hao watoto hamtawaona tena mpaka waoe.

Mpigie shemeji simu wiki hii kabla ya kwenda kwa mama. Piga, usitume mesej. Mwambie uliipata ile yake, umwambie asante kwa kumngoja mama, na umwulize ni siku gani inamfaa mje.

Shangazi